Baba yuko kwenye tumbaku, fedha mpaka soko

Kila Septemba, mwenye duka mmoja mtaa wa Makanyagio, Manispaa ya Mpanda, humfungulia jirani yake ukurasa mpya kwenye daftari la madeni. Unga, mafuta, sabuni, kalamu za watoto. Mama huyo wa watoto watatu hachukui vingi, lakini hulipa mara moja tu kwa mwaka, mumewe akirudi kutoka kwenye tumbaku.

Msimu uliopita mume alikubaliana kwa mdomo na mkulima wa Wilaya ya Tanganyika: Sh700,000 kwa miezi tisa, kuanzia kitaluni hadi kufunga mizigo, chakula juu ya mwenye shamba. Fedha zingetoka baada ya soko. Ukizigawa, hazifiki Sh78,000 kwa mwezi. Amri ya mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kuwa Sh140,000.

Alijua ni ndogo. Lakini vijana kutoka Kigoma na Rukwa nao huingia Katavi msimu huohuo, wakitafuta kazi hiyohiyo. Ukikataa wewe, nyuma yako wapo wengine.

Februari alipiga simu usiku. Alikuwa anatapika, kichwa kinazunguka. Asubuhi alikuwa amechuma majani yenye umande, na nguo zilimkaukia mwilini. Nikotini ya jani bichi lililolowa hupenya kwenye ngozi na kuleta kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuishiwa nguvu. Ni rahisi kudhani ni malaria. Mchumaji avae glovu, abadilishe nguo zikilowa, aoge kwa sabuni, na akifika zahanati amwambie mhudumu kuwa anachuma tumbaku.

"Rudi nyumbani," mkewe alimwambia. Wiki hiyo rafiki yao alikuwa na nafasi ya kibarua cha ujenzi mjini, malipo kila jioni.

"Nikiondoka leo, miezi mitano yote nimefanya bure," mume akajibu.

Kazi nyingine ilikuwepo, tena karibu na watoto wake. Hakuweza kuihamia, kwa sababu jasho lake lote lilikuwa bado mikononi mwa mwajiri.

Mkulima naye hakuwa na fedha. Pembejeo alikopa kupitia chama chake cha msingi, naye hulipwa tumbaku ikiuzwa. Mkulima akalingoja soko, kibarua akamngoja mkulima, mke akamngoja mume, mwenye duka akamngoja mke.

Kisha ikaja simu ya pili. Mkulima alipendekeza mtoto wao wa kwanza, wa kidato cha kwanza, aje mwezi mmoja kuchuma ili baba apumzike. Hapo mama aligoma. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 katika kazi ya hatari, na jani lililomlaza baba yake lingemwumiza zaidi mtoto mwenye mwili mdogo.

"Mtoto yuko shule, baba," alisema. "Unga tutaendelea kukopa."

Julai mume alirudi na Sh560,000, baada ya kukatwa dawa na fedha alizochukua kidogo kidogo. Zaidi ya nusu iliishia dukani.

Msimu huu, kabla hajaondoka, walikaa wawili wakapiga hesabu. Makubaliano na mkulima yaliandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: Sh40,000 kila mwisho wa mwezi kwa simu ya mke, salio baada ya soko. Jumla bado iko chini ya kima cha sheria, na wote wawili wanalijua hilo. Ila akiugua tena na kulazimika kuondoka, hataondoka mikono mitupu.

Mzazi ambaye mwenzako yuko mashambani, omba nakala ya karatasi hiyo ibaki nyumbani, na andika tarehe ya kila fedha inayotumwa. Malipo yakikataliwa, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Usisubiri msimu mwingine uanze.

Makanyagio, ukurasa wa Septemba umefunguliwa tena. Oktoba, kwa mara ya kwanza, mwenye duka alikata mstari kwenye deni kabla ya soko.