Kupima Mvua Usharikani

Wako washarika waliotuuliza kama kipima mvua kilichosimama kwenye uwanja wa kanisa si dalili ya kupungukiwa imani. Jumapili tunaombea mvua, wanasema, halafu Jumatatu tunaipima kama muuza duka apimavyo sukari. Tunawarudisha kwenye Katekisimo Ndogo. Luther, akieleza ombi la mkate wa kila siku, aliihesabu humo hata hali njema ya hewa. Anayeomba mkate huo hakatazwi kuutazama unapokuja.

Tuliofunzwa kazi hii ya kujitolea ni watatu: mchungaji, mwinjilisti na mama mmoja wa kwaya. Chombo kikae mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wa mti huo, ndiyo maana hakiko chini ya mnara wa kengele ambako wazee walikitaka. Kisomwe kila siku saa 3:00 asubuhi. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Na siku isiyo na mvua tuandike sifuri, tusiache nafasi wazi, kwa sababu nafasi wazi maana yake hakuna aliyekwenda kutazama.

Mwaka wa ukame tuliandika sifuri wiki kwa wiki. Hapo ndipo tulipomwelewa mtumishi wa Eliya katika 1 Wafalme 18, aliyetumwa kutazama upande wa bahari mara saba. Wahubiri hulipenda lile wingu dogo la mwisho. Sisi tunamheshimu kwa zile safari sita alizorudi bila kitu, akasema hivyo hivyo mbele ya nabii aliyekuwa akiomba.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Asubuhi moja ya masika tulisoma 63, na mlimani bado kulikuwa kweusi. Tulituma namba hiyo, kisha tukapita nyumba za kando ya mto. Baada ya tope la Hanang kuwafunika watu wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, wengi hawakuhitaji kubembelezwa. Mzee mmoja alikataa: Mungu anamlinda pale pale.

"Sawa, baba," mama wa kwaya akamwambia, "twende tukamwombe tukiwa kule juu shuleni."

Alikwenda, na mbuzi wake. Usiku mto ulichukua mahindi yake, nyumba ikabaki. Alilalamika wiki nzima juu ya sakafu ya darasa. Siku hizi akipita saa 3:00 husimama langoni: "Leo ngapi?"

Jana ilikuwa sifuri, tukamwambia.