Farasi na Jina la Mama Yake

Huku Kolwezi watoto wetu wanamjua farasi kwa picha ya kitabu. Mbung'o wa mapori yetu humwambukiza ugonjwa wa kumwua, na wazee wetu hawakumfuga. Kwa hiyo tulipokwenda Nairobi kwa mkutano wa walimu, Jumapili mchana tulienda kuwaona kwenye uwanja wa mashindano, barabara ya Ngong.

Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1954, lakini masetla Waingereza walishindanisha farasi Nairobi tangu mwanzo wa miaka ya 1900. Shindano kubwa ni Derby: farasi wa miaka mitatu, mita 2,400, kwa mfano wa ile iliyoanza Epsom, Uingereza, mwaka 1780. Zamani ilikuwa sikukuu ya wakubwa wa koloni, na Mwafrika alikuwa saisi, wa kushika kamba na kusafisha zizi. Sisi tuliokua karibu na serkle za Union Minière hatuhitaji kuelezwa. Siku hizi wanaopanda ni vijana wa Kenya, na viti vingi vilikuwa vitupu.

Mwanamke mmoja alipata jina humo: Beryl Markham, yule aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936. Farasi sita aliowazoeza walishinda Derby. (Naye alikuwa Mzungu, tusisahau.)

Lakini kilichotushika ni karatasi ya programu. Kila farasi ameandikwa umri wake, jina la baba yake na la mama yake. Asiyeandikishwa alipozaliwa haruhusiwi kukimbia, hata awe na mbio za upepo. Mwenzetu mmoja, anayefundisha mwaka wa sita, akaacha kutazama. Alipotengeneza liste ya mtihani wa taifa, watoto saba hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Wazazi wao wanahama kutoka shimo hadi shimo, na tarehe zilikisiwa tu.

"Huyu farasi anajulikana kuliko watoto wangu," akasema.

Hatukumjibu. Nyuma yetu watu walikuwa wakimpigia kelele namba 4.

Sheria yetu inatupa siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye komine bila malipo. Jumamosi hii, baada ya likelemba, tutapita Kasulo na daftari. Mwenye kumjua mama aliyejifungua karibuni, atuonyeshe nyumba.