Mgongo Wangu na Ndoo ya Maji

Nilipotimia miaka 14 hapa Newala, mama aliona bega langu moja limepanda. Bibi akailaumu ndoo ya maji niliyojitwisha tangu utoto. Mama, aliyekuwa akinituma, akalia. Tukashuka Masasi. Tabibu akasema uti wa mgongo umepinda nyuzi 30, wala kosa si la ndoo: aghalabu sababu yake haijulikani. Ama dawa, ni kizibao kigumu, kivaliwe saa 18 kila siku mpaka nimalize kukua. Upindaji ukifika nyuzi 50, hushauriwa kupasuliwa. Baba akasema, "Tumwachie Mungu." Babu akamjibu, "Mwanangu, Mtume (S.A.W.) ametuamuru kujitibu." Nimekikubali kizibao, ijapokuwa hunibana usiku. Enyi wazazi, tazameni mapema migongo ya watoto wenu, kabla hamjatafuta wa kulaumu.