Kupita, Kupisha na Kupishana: Kiswahili cha Mtihani wa Dereva

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa kiza. Sisi tunaosoma Kiswahili chuoni tumezoea kukitafuta katika diwani, riwaya na tamthilia, na unyambuaji wa vitenzi tunaujua kama swali la mtihani. Mimi niliuona ukifanya kazi mahali nisipoutarajia: nyumbani Garissa, katika matayarisho ya mjomba wangu ya mtihani wa leseni ya kuendesha malori.

Mjomba huyo ninamwita Abti kwa Kisomali, naye kwa desturi yetu huniita Abti vivyo hivyo. Kwa miaka mingi alikuwa utingo. Alipakia na kupakua magunia ya chakula yaliyopelekwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, takriban kilomita 100 kutoka mjini Garissa. Hitilafu ya breki za upepo huitambua kwa mlio tu. Hata hivyo, leseni aliyokuwa nayo ilikuwa ya magari madogo. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2020, malori yamo katika daraja C, na lori jepesi, lori la kawaida na lori lenye trela kila moja lina kibali chake. Pasipo kibali, utingo hubaki utingo hata akiwa na ujuzi wa kumshinda dereva wake. Abti ana watoto watano, na ujira wa utingo haulingani na wa dereva.

Kikwazo kilikuwa lugha. Kijitabu cha sheria za barabarani tulichokipata kilikuwa cha Kiingereza. Abti hakubahatika kwenda shule. Alisoma dugsi, yaani chuo cha Kurani. Herufi za Kiarabu anazisoma na kuziandika bila shida. Kiswahili anakizungumza, kile cha gereji na mizani, ambacho ngeli zake huenda zikakosewa lakini maana haikosewi. Basi likizo ile, kila siku baada ya sala ya Magharibi, tuliketi na daftari. Mimi nilifasiri, yeye akayaandika maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sikumzuia. Washairi wa Pate na Lamu, majirani zetu wa kusini, waliandika hivyo hivyo kwa karne nyingi. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na mwaka 1728, ulihifadhiwa kwa hati hiyo.

Alama za barabarani hazikutuchosha: duara huamuru, pembetatu huonya, mstatili hueleza. Suala la upande lilihitaji tahadhari zaidi. Sisi Kenya tunashika kushoto, ilhali majirani zetu Somalia na Ethiopia hushika kulia, na dereva wa kaskazini mashariki huishi karibu na mipaka yote miwili. Nikamwambia, "Abti, mkono wa kulia chakula uwe upande wa katikati ya barabara." Akacheka, na hakusahau tena.

Taabu hasa ilikuwa katika kanuni za magari yanayokutana. Kijitabu kilikuwa na istilahi kadhaa tofauti, naye zote aliziita "kupita". Hapo ndipo nilipolikumbuka somo la mofolojia. Nikamweleza: "Ukipita wewe, umepita. Ukimfanya mwenzako apite, umempisha. Mkifanyiana hivyo, mmepishana." Kutokana na mzizi mmoja tukajenga sura nzima ya sheria. Kupita ni kulipita gari lililo mbele yako, upande wa kulia, ukiwa na hakika kwamba barabara ni nyeupe. Kupisha ni kumwachia mwingine atangulie. Katika mzunguko, humpisha aliye tayari ndani, anayetokea kulia kwako. Kupishana ni kukutana na gari linalokuja, kila mmoja akishika kushoto kwake na kupunguza taa zake. Kupitiliza ni kuuvuka mstari uliotakiwa usimame.

Abti mwenyewe akaongeza la tano: kupitiwa. Nairobi hadi Garissa ni kilomita zipatazo 370, na baada ya Mwingi, kuelekea Ukasi na Bangale, barabara hunyooka na joto huzidi. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 ziliwataka wenye malori makubwa kufunga vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. "Lakini kidhibiti usingizi hakipo," alisema Abti. Alikuwa ameketi kando ya madereva waliopitiwa na usingizi, akawaamsha kwa kuwapiga begani.

Siku ya mtihani ilipowadia, mtahini alimsimamisha mbele ya ubao wa mji mdogo, akaweka kigari cha kuchezea penye mzunguko, akauliza kwa Kiswahili: gari lile linatokea kulia kwako, utafanya nini? Abti akajibu kwa neno moja: "Nitalipisha." Kisha akapanda lori, akaendesha. Aliporudi nyumbani alisema, "Abti, nimepita." Mwalimu wa sarufi angelisahihisha neno hilo kuwa "nimefaulu". Mimi nililiacha lilivyo.

Wapenzi wa Kiswahili, Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Urasmi huo una faida gani kwa mtu anayetakiwa kuitii sheria asiyoweza kuisoma? Maneno yapo tayari midomoni mwa watu: usukani, utingo, mizani, kupisha. Mengine yanatofautiana, tunachokiita mzunguko, wenzetu wa Tanzania wengi hukiita kipilefti. Kuyakusanya, kuyalinganisha na kuyaandika katika kijitabu anachoweza kukielewa dereva wa Garissa, Wajir au Mandera ni kazi inayostahili tasnifu za wanachama wetu. Neno likikosewa darasani, mwanafunzi hupoteza alama. Likikosewa usiku kule Bangale, malori mawili yakikaribiana, kinachopotea ni roho za watu.