Mpira Uliopasuka na Kijana Niliyemhukumu



Wapendwa katika Kristo, wengi wenu mmeniuliza baada ya Misa, na wengine hata sokoni, kama gari la parokia limekwisha kupona na kama ile turbo tuliyoichangia imekwisha kununuliwa. Gari limepona. Turbo haikununuliwa, na fedha zenu ziko salama kwa mhasibu. Lakini jibu hilo fupi linaficha jambo ambalo sina budi kulieleza, kwa kuwa nilikosea mbele ya watu, na si haki nikajirekebishe chumbani.

Paroko jirani wa upande wa Serengeti alikuwa safarini, nasi tulikuwa tumekubaliana kwamba wagonjwa wake wakihitaji sakramenti nitakwenda mimi. Saa tatu usiku ikaja simu: mama mmoja mzee, ng'ambo ya Mto Mara, yu mahututi na anaomba Mpako wa Wagonjwa. Nikachukua mafuta matakatifu na Ekaristi kwa ajili ya Komunyo ya Pamba, dereva wetu akawasha gari, tukaondoka. Kutoka nyanda za juu za Tarime kupitia Nyamongo hadi mtoni, sehemu kubwa ya njia ni mteremko, na katika mteremko kila gari ni zima. Tulipovuka daraja na kuanza kupanda kuelekea upande wa Mugumu, gari likakataa kuvuta. Injini ilinguruma, moshi mweusi ukajaa nyuma yetu hata nikauona katika wekundu wa taa, lakini nguvu hapakuwa. Gia ya pili, kisha ya kwanza. Mtu mwenye miguu mizuri angetupita.

Tulifika saa saba na nusu usiku. Mama alikuwa amekata roho yapata saa moja kabla.

Mpako Mtakatifu ni sakramenti ya walio hai. Padri akiwa na shaka kama mtu amekwisha kufa, Kanisa linamruhusu ampake. Pale hapakuwa na shaka. Nilisali na wanawe sala za marehemu, nikaketi nao mpaka alfajiri. Rozari ilikuwa bado imezungushwa mkononi mwake. Hawakunilaumu hata kidogo. Nadhani wangenilaumu, hasira yangu ingepata pa kukaa. Kwa kuwa hawakunilaumu, niliibeba nikarudi nayo garini, nikamtwisha dereva.

Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyeiua turbo. Siku chache baadaye nikayarudia maneno hayo mbele ya kamati ya fedha, kijana mwenyewe akiwa amesimama mlangoni. Gereji moja ilikuwa imekwisha kutoa hukumu yake kwamba turbo imekufa na inunuliwe nyingine, hata kama ni kuukuu. Ndipo WAWATA na Jumuiya Ndogo Ndogo mlipoanza kuchanga.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo chombo hiki ni kitu gani, kwa maana shutuma yangu haikuwa ya kipumbavu, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Turbo ilibuniwa na Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Ndani yake mna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika injini, ambao vinginevyo ungepotea bure kwenye ekzosi, hulisukuma gurudumu la kwanza. La pili huzunguka pamoja nalo na kushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli huungua vizuri na gari hupata nguvu. Kwetu sisi tulio milimani faida yake ni kubwa zaidi. Mji wa Tarime uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kadiri ya sehemu moja ya sita. Turbo huirudishia injini pumzi ambayo mlima umeinyima.

Basi mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika moja, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukitoka kupanda mlima na kuzima injini papo hapo, oili huacha kutiririka wakati turbo ingali ya moto sana. Oili iliyobaki huungua na kuwa masizi, na taratibu mhimili hulika. Ndiyo sababu mafundi husema gari liachwe lingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa. Kijana wetu alikuwa amezima gari ghafla mara kadhaa, nami nilimwona kwa macho yangu. Kwa hiyo nilikuwa na kosa lake, nilikuwa na kanuni ya mafundi, na nilikuwa na gari lililoharibika. Nikaviunganisha vitatu hivyo nikapata mkosaji. Kitu kimoja tu sikuwa nacho: hakuna mtu aliyekuwa ameitazama turbo yenyewe.

Mwenyekiti wa kigango kimoja ndiye aliyeniambia nimwone mzee mmoja ambaye zamani alitengeneza malori ya mizigo na sasa analima kahawa. Mzee alikuja kwa baiskeli. Nilitarajia afungue boneti mara moja. Yeye akaketi kwenye jiwe kivulini, akamwita dereva.

"Mura, gari hili lilianza lini kuchoka?"

Kijana akanitazama mimi kwanza. Kisha akasema, "Kama wiki tatu kabla ya ule usiku, mzee."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia mlio kama mtu anapuliza. Fyuuu. Mlimani tu, nikikanyaga mafuta. Nikisimama unakwisha."

"Ulimwambia nani?"

Kijana akanyamaza. Alikuwa ameniambia mimi. Nilikumbuka hata mahali: tulikuwa tunatoka kigangoni, nimechoka, ninaandaa mahubiri kichwani, nikamjibu aendeshe gari aache kusikiliza muziki. Nililitamka kama mzaha, na abiria wa nyuma walicheka. Hakulitaja tena. Na hata nilipomshutumu mbele ya kamati hakulitaja, ingawa lingemwokoa yeye na kuniaibisha mimi.

Nikamwambia mzee, "Aliniambia mimi." Mzee hakusema neno, akainuka kwenda kwenye gari.

Alieleza kila hatua alipokuwa akifanya, nami nawapa kwa faida ya wenye magari makuukuu ya dizeli. Moshi mweusi, alisema, maana yake dizeli ipo lakini hewa haitoshi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, na hapo turbo hushukiwa, ingawa hata pistoni zilizochakaa huutoa. Moshi mweupe usiokwisha ni dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia ndani, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Letu lilikuwa jeusi, kwa hiyo tulitafuta hewa. Alitoa kichujio cha hewa: kilikuwa kimejaa vumbi jekundu la barabara ya Nyamongo. Akakikung'uta, tukajaribu gari kwenye kilima cha karibu, likapata nafuu kidogo tu. Mimi nilitaka kushangilia. Yeye akasema mgonjwa aliyepata nafuu kidogo bado ni mgonjwa.

Injini ilipopoa alifungua mpira wa mbele ya turbo, akaingiza vidole, akaushika mhimili. Ulizunguka kwa wepesi. Akautikisa kando, ukacheza kidogo sana. Akauvuta nje na kuusukuma ndani, haukucheza. Mapanga yote yalikuwa mazima. "Padri," akasema, "hii haijafa. Hii inazikwa ikiwa hai."

Kisha akapapasa mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Chini, penye kona, karibu na bana, palikuwa na unyevu wa oili ulioshikamana na vumbi. Akaufungua mpira mzima, akaziba upande mmoja kwa kigogo, upande wa pili akapachika valvu ya tairi kuukuu, akauzamisha katika beseni la maji kama afanyavyo fundi wa baiskeli. Alipoanza kujaza hewa, ufa wenye urefu wa kidole ukafunguka na mapovu yakatoka kwa wingi. Alipoacha, ufa ukajifunga, nisingeweza tena kuuona. Ndiyo maana gereji hawakuona kitu: gari likisimama turbo haishindilii hewa, na ufa hulala. Huamka mlimani tu, gari likiwa limebeba mzigo. Ile fyuuu ilikuwa pumzi ya gari ikitoka nje.

Mpira mwingine uliletwa kutoka Mwanza kwa basi. Bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya ile turbo.

Wapendwa, katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, ile tunayoisoma Dominika ya nne ya Kwaresima katika mwaka A, wanafunzi wanapomwona kipofu wanamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara nimewacheka kidogo wanafunzi wale. Wana mtu mbele yao, mwenye macho yasiyoona, na swali lao la kwanza ni la kumtafuta mkosaji. Usiku ule nilikuwa na mama aliyelala na rozari yake, nikauliza swali lao hilohilo, tena jibu nikiwa nalo tayari.

Jumapili iliyopita niliomba kamati ya fedha ikutane kwa dakika kumi. Nilieleza mbele ya watu walewale, kijana akiwa ameketi nasi mezani safari hii. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Yamekwisha, Baba Paroko," kwa sauti ya mtu anayetaka kikao kimalizike, nami simlaumu. Kuhusu michango, kamati imeamua kila jumuiya iulizwe: atakayetaka fedha yake arudishiwe, na atakayeiacha itumike kwa mabati ya kigango.

Jana tulikwenda ng'ambo kwa Misa ya arobaini ya yule mama. Nilitaka wanawe waijue sababu ya kuchelewa kwetu kutoka kinywani mwangu, kwa kuwa maneno niliyomtupia dereva yalikuwa yamekwisha kufika hadi huko. Gari lilipanda kutoka mtoni kwa gia ya tatu bila moshi. Tulipofika juu, kijana alikuwa kimya kwa muda, kisha akasema bila kunitazama:

"Baba Paroko, gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, nalo lina mlio."

Nikamwambia asimamishe gari, tukashuka wote wawili kutazama.