Shahidi wa Tatu

Watu wengi husema kuwa matriksi ni mzigo wa darasani, kitu cha kumsumbua mwanafunzi kabla ya mtihani na kusahauliwa baada yake. Mimi sikubaliani nao. Nimeona hesabu hii ikilinda jina la mtu, na jina jema halinunuliwi sokoni.

Katika soko moja la Kakamega palikuwa na mama aliyeuza mahindi, maharagwe na wimbi kwa gorogoro. Uvumi ulizuka kwamba siku fulani aliuza wimbi kwa shilingi 300, hali bei ya haki ilikuwa 200. Wanunuzi watatu wa siku hiyo walikumbuka walichochukua na jumla waliyolipa, lakini hapana aliyekumbuka bei ya kila kitu. Wa kwanza alichukua mahindi gorogoro 2, maharagwe 1 na wimbi 1, akalipa shilingi 650. Wa pili alichukua 1, 3 na 2, akalipa 1,250. Wa tatu alichukua 3, 4 na 3, akalipa 1,900. Wazee walisema: vitu vitatu, mashahidi watatu, basi kweli itajulikana. Nikaombwa nipige hesabu, kwa kuwa kazi yangu ni ualimu.

Niliziandika namba hizo katika mraba:

2 1 1
1 3 2
3 4 3

Mraba kama huu ni matriksi, jina lililotolewa na Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1850. Ndani yake hupatikana namba moja iitwayo determinanti. Ikiwa namba hiyo si sifuri, swali lina jibu moja tu. Ikiwa ni sifuri, swali halina jibu, au lina majibu yasiyo na idadi.

Njia ya kuipata ni hii. Shika 2 ya juu, kisha ufute mstari wake na safu yake. Zinabaki namba nne: 3 na 2, chini yake 4 na 3. Zidisha kwa mshazari, kisha utoe: 9 kutoa 8 ni 1. Hiyo ni determinanti ndogo ya ile 2. Namba mbili zilizosalia katika mstari wa juu hutoa -3 na -5. Sasa alama hupokezana: ya kwanza huachwa, ya pili hugeuzwa, ya tatu huachwa. Determinanti ndogo zikisha kupewa alama zake huitwa kofakta, nazo hapa ni 1, 3 na -5. Zidisha kila kofakta kwa namba yake ya juu, upate 2, 3 na -5. Jumla yake ni sifuri.

Maana yake ilikuwa nzito. Shahidi wa tatu hakuleta neno jipya, kwani alichonunua kilikuwa jumla ya walichonunua wenzake wawili. Kofakta zenyewe zilionyesha mlango wa shaka: pandisha mahindi kwa shilingi 1 na maharagwe kwa 3, shusha wimbi kwa 5, na malipo yote matatu hayabadiliki. Basi bei za 100, 250 na 200 zilipatana na ushahidi. Na bei za 80, 190 na 300 zilipatana nao vilevile. Mama yule hakuweza kuhukumiwa wala kuachiliwa.

Niliwasihi wazee wamtafute mnunuzi wa nne. Alipatikana. Alichukua 3, 4 na 4, akalipa 2,100. Nikamweka mahali pa yule wa tatu. Kofakta za mstari wa juu zikawa 4, 2 na -5, na determinanti ikawa 5. Nilirudia kwa mstari wa chini, nikapata 5 ile ile, kwa maana hesabu hii haina upendeleo kwa mstari wowote. Jibu likawa moja: mahindi 100, maharagwe 250, wimbi 200. Uvumi ulikuwa uongo.

Ewe msomaji kijana, utakapoketi barazani siku moja kuamua jambo la wenzako, usihesabu vinywa vinavyosema. Uliza kwanza kama kila kimoja kina habari yake. Wingi wa sauti si wingi wa ushahidi, na aliyerudia ya wenzake, hata kama amesema kweli, hajaongeza kitu katika mizani.