Wimbo wa Maharamia Wakati wa Sadaka

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Si ugonjwa, si safari ya ughaibuni, ni kazi tu. Bajeti, mafuriko, tena bajeti. Leo naomba niwapumzishe na siasa. Nataka kuwasimulia habari ya wimbo mmoja, kinanda kimoja na kaka yangu.

Nianze kwa kuungama. Kwa miaka saba, kuanzia 2004 hadi 2011, washarika wa kanisa letu kule Muheza walitoa sadaka huku wakipigiwa wimbo wa maharamia. Walipita mbele taratibu, akina mama na vitenge vyao, wazee na fimbo zao, wakatumbukiza noti kwenye kikapu, na kinanda kikiwasindikiza. Wapo waliofuta machozi. Hakuna aliyejua wimbo ule umetoka wapi isipokuwa watu wawili: kaka aliyekuwa akiupiga, na mimi niliyekuwa nimekaa benchi la watoto nikijibana nisicheke.

Wimbo wenyewe ni wa gemu la kompyuta liitwalo The Secret of Monkey Island. Lilitoka mwaka 1990, likatengenezwa na Lucasfilm Games ya Marekani. Ni hadithi ya kijana mmoja, Guybrush Threepwood, anayefika kisiwani kwenye bahari ya Karibi akitaka kuwa haramia. Hajui upanga, hajui bahari, anajua kuongea tu. (Wengine tukikosa kazi ya uharamia tunakuwa waandishi wa habari.) Aliyetunga wimbo wa mwanzo ni Michael Land.

Nyumbani tulilipata mwaka 2003. Mjomba alirudi masomoni akiwa na kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani huko alikokuwa, na boksi la gemu likiwa na kila kitu, hata lile gurudumu la karatasi lenye nyuso za maharamia. Gemu lilikuwa likikuonyesha sura, unazungusha gurudumu mpaka sura ifanane, unaandika mwaka unaousoma dirishani. Ukikosea hulichezi. Ndiyo ulikuwa ulinzi wa wakati huo dhidi ya maharamia wa kweli, wale wa kunakili!

Kompyuta ile haikuwa na kadi ya sauti. Ilikuwa na kile kispika cha ndani ambacho kazi yake hasa ni kulia "pii" mashine ikiwaka. Kispika hicho kinatoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na hakina kitufe cha kupunguza sauti. Mama alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni: "Zimeni hiyo nyenje yenu!" Sisi kwetu haikuwa nyenje. Kilikuwa kisiwa, usiku, mwezi na meli.

Kaka alikuwa na miaka kumi na minane, mimi minane. Usharika ulikuwa na kinanda cha umeme na hakuna mpigaji. Kaka alijifunza mwenyewe, kwa sikio. Nyimbo za kwaya alizikamata haraka, lakini alihitaji kitu cha kupiga wakati wa sadaka, kitu kirefu kisicho na maneno. Akauchukua wimbo wa nyenje. Akaupunguza mwendo. Na kwa kuwa alikuwa amesikia noti moja moja tu, ilimbidi atunge besi yake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na sauti za kati azijaze kama kwaya inavyojaza. Ukawa wimbo wa ibada kabisa.

Mwaka 2011 alikuja mwalimu mpya wa kwaya, msomi, mwenye vyeti. Alimsimamisha kaka mbele ya wanakwaya wote na kumwambia kuwa hapigi muziki, anabahatisha. Kaka hakujibu. Kanisa lilinunua kinanda kipya, kile cha zamani akapewa yeye kama kiinua mgongo. Akakiweka chumbani, akakifunika shuka. Tangu siku ile sikumsikia tena akipiga.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nina rafiki mwenye studio ndogo ya kurekodi Sinza. Siku moja nilimsimulia habari ya nyenje, akacheka sana, kisha akaniambia: "Wewe wimbo huo hujawahi kuusikia." Nikabisha. Nimeusikia mara elfu! Akaniambia, kaa hapo.

Naomba nieleze kidogo, na wataalamu mnivumilie. Magemu mengi ya zamani, yale ya enzi ya DOS, hayakubeba muziki uliorekodiwa. Diski zilikuwa ndogo mno. Yalibeba maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa chombo namba fulani, sasa iache. Lugha maarufu ya maagizo hayo ni MIDI, iliyotoka mwaka 1983 ili vinanda vya makampuni tofauti viweze kuelewana. Walioisukuma zaidi ni Ikutaro Kakehashi wa Roland kule Japani na Dave Smith wa Marekani. Maagizo hayana sauti yoyote ndani yake. Sauti inatoka kwa anayeyasoma.

Kwa hiyo wimbo uleule ulikuwa na sura nyingi kulingana na mfuko wako. Asiye na kitu alisikia nyenje. Mwenye kadi ya AdLib, iliyotoka 1987, alisikia chipu ya Yamaha yenye sauti tisa za kutengeneza, zinazolia kama bati na kengele. Mwenye uwezo hasa alinunua Roland MT-32, nayo ya 1987, kisanduku cha wanamuziki kilichokuwa kikiuzwa kwa mamia ya dola. Baadhi ya watunzi wa magemu walitungia kisanduku hicho, halafu wakapunguza kazi yao ili kadi za bei rahisi ziweze kuibeba.

MT-32 ilikuwa na ujanja wake. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, basi waliweka rekodi fupi sana ya mwanzo tu wa sauti, ule mgongano wa kwanza wa nyundo au pumzi ya kwanza ya filimbi, na mkia uliobaki ukatengenezwa kwa hesabu. Sikio hudanganyika, kwa sababu chombo tunakitambua zaidi kwa jinsi kinavyoanza.

Rafiki yangu alikuwa nayo, kaipata mtumba. Umeme ulikatika siku moja, ukarudi kwa kishindo, ikaungua. Lakini alikuwa ameshatoa nakala ya chipu zake na kuihifadhi. Ipo programu ya bure iitwayo Munt, ambayo kazi yake ni kufanya hesabu zilezile za MT-32 ndani ya kompyuta ya kawaida. Inahitaji nakala ya chipu hizo, nazo ni mali ya Roland, ndiyo maana hazisambazwi pamoja na programu. Munt imo pia ndani ya ScummVM, programu ya kuendeshea magemu ya aina hii, iliyoanza mwaka 2001. Kwa magemu mengine ya DOS ipo DOSBox, ya tangu 2002. Na kwa yale yaliyofuata kanuni ya General MIDI ya mwaka 1991, yenye orodha ya vyombo 128, kuna FluidSynth. Hiyo unaipa faili la SoundFont lenye sampuli za vyombo halisi, na gemu la zamani linapata okestra ambayo kompyuta za wakati wake zisingeweza kuibeba.

Akawasha. Akachagua MT-32. Akabonyeza.

Jamani. Kumbe kulikuwa na ngoma! Kulikuwa na besi inayorukaruka kama ya reggae, na vyombo vikijibizana juu yake. Wimbo wa sadaka ulikuwa wimbo wa kucheza! Nilikaa pale mdomo wazi, mtu mzima na kitambulisho changu cha uandishi shingoni.

Nikarekodi, nikamtumia kaka kwenye simu. Nikaandika: "Kaka, sikiliza wimbo wetu unavyotakiwa kuwa."

Alama za bluu zikaonekana. Kasikiliza. Kimya. Kesho yake kimya. Siku ya tatu akajibu mstari mmoja: "Kumbe mwalimu yule alisema kweli, nilikuwa nabahatisha."

Niliusoma ujumbe ule nikiwa kwenye daladala, na nawaambieni nilishuka kabla ya kituo changu. Nilidhani nimempelekea zawadi. Nimempelekea hukumu.

Nikamkumbuka mzee mmoja wa Pangani, mvuvi, niliyemhoji mwaka wangu wa kwanza kazini. Alizungumza kwa kukatakata, lafudhi ya kwao, akirudiarudia. Nami nikayanyoosha maneno yake yakawa Kiswahili sanifu, mazuri kabisa. Nilipompelekea gazeti alisomewa, akatikisa kichwa, akasema: "Mwanangu, umeandika vizuri. Lakini huyu si mimi." Sikumwelewa. Nilidhani kuboresha ni kuboresha tu.

Pasaka nikapanda basi kwenda Muheza. Mkobani niliweka kompyuta yangu na waya mmoja wa MIDI, upande mmoja USB, upande wa pili plagi ya duara yenye pini tano. Nilikuwa nakumbuka kwamba nyuma ya kinanda kile kulikuwa na matundu mawili ya duara, ambayo utotoni tuliamini ni ya maikrofoni na tulilaumu maikrofoni za Muheza nzima kwa kutokuingia.

Kaka alinitazama nikivua shuka. Hakusaidia, hakukataza. Nikachomeka, nikaiambia ScummVM ipeleke maagizo kwenye kinanda badala ya Munt, nikabonyeza. Wasomaji wangu, ilitoka vurugu! Vyombo vimevurugika, kila kimoja kimeshika zamu ya mwenzake. Mama akachungulia mlangoni: "Nyenje imerudi?"

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeacha alama kwenye kisanduku kinachosema kifaa ni MT-32 halisi, wakati kinanda cha kanisa ni cha General MIDI. Namba hazilingani. Kwa mfano, chombo namba 13 kwenye MT-32 ni ogani ya mabomba, lakini kwenye General MIDI namba hiyohiyo ni marimba. Agizo ni lilelile, msomaji ni mwingine. Nilipokuwa namweleza kaka hayo, nikaona uso wake unabadilika.

"Ina maana," akasema, "karatasi ni moja, ila kila mtu anaisoma kwa alichonacho?"

"Ndiyo, kaka."

"Na sisi tulikuwa na nyenje."

"Tulikuwa na nyenje. Noti moja moja. Zile nyingine zote ulizokuwa unapiga kanisani hazikutoka kwenye gemu. Nimezitafuta kwenye MT-32, hazimo. Ni zako."

Akanyamaza. Mimi nikaitoa ile alama, nikaupiga tena, sasa vyombo vikakaa mahali pake. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, vidole vikigongagonga gotini. Kisha akasema: "Zima hiyo, dogo."

Akavuta stuli. Alianza na besi ya reggae, akaifuata vizuri tu mzunguko mmoja, akacheka peke yake. Mzunguko wa pili akapunguza mwendo. Mkono wa kushoto ukarudi kule ulikozoea, hatua kwa hatua, besi ya mtu anayetembea na kikapu cha sadaka. Vidole vilikuwa vizito, alikosea mara tatu au nne. Mama alikuwa bado mlangoni, na kitambaa cha vyombo mkononi, na alianza kuimba kwa kufumba mdomo sauti ya pili, ileile aliyokuwa akiimba benchi la tatu miaka yote ile. Hakujua, na mpaka leo hajui, kwamba ni wimbo wa maharamia. Mkikutana naye tafadhalini msimwambie.

Sitaki kuwadanganya kwamba kaka amerudi kanisani kupiga. Hajarudi. Ila nilipokuwa nafunga mkoba aliniuliza kama nina haraka na ule waya. Nikamwachia. Juzi kanitumia rekodi ya dakika mbili. Hakuandika neno lolote. Kinanda tu, jogoo nje, na mtu anayetafuta noti aliyoipoteza mpaka akaipata.

Mimi bado napenda sauti ya MT-32, na ukiwa na gemu la zamani nyumbani nakushauri ulitafutie sauti nzuri, utashangaa ulichokuwa unakikosa. Ila ukishaisikia, usikimbilie kumwambia mtu kwamba ndivyo ulivyotakiwa kuwa. Muulize kwanza yeye alikuwa anausikiaje.

Tutaonana wiki ijayo, na bajeti.